Sanduku la protini za kinga: maumbo mazuri, sumaku zenye nguvu kupita kiasi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikifundisha somo la kinga ya mwili kwa wanafunzi wa teknolojia ya maabara katika chuo kimoja hapa Mombasa, na kila mwaka kuna wiki moja ninayoiogopa, nayo ni wiki ya kueleza jinsi seli T, aina ya chembe nyeupe za damu za kinga, inavyopokea habari kutoka nje ya utando wake na kuifikisha ndani hadi kwenye kiini. Ubaoni mambo hayo huwa mishale mitupu. Mwanafunzi hukariri kwamba Lck hutangulia ZAP-70 na ZAP-70 hutangulia LAT, protini tatu zinazopokezana ujumbe huo ndani ya seli, hupita mtihani wake, na akiulizwa kwa nini mpangilio huo hauwezi kugeuzwa hubaki akiitazama feni ya darini. Ndiyo sababu niliposikia kwamba duka moja la vifaa vya maabara karibu na Barabara ya Digo linauza sanduku la vielelezo vya protini hizo, vya plastiki na vyenye sumaku, nilikwenda kulitazama siku hiyohiyo baada ya kipindi cha mwisho.

Bei iliyobandikwa ilikuwa shilingi 18,500. Nilimwamkia mwenye duka, akaitikia marahaba, kisha akanifungulia sanduku juu ya meza bila kunihimiza ninunue, jambo ambalo kwa maduka ya mjini si la kawaida. Nilipomwuliza bei ya mwisho alisema, “Mwalimu, hili ni la watoto wa watu wasome, lete kumi na sita elfu tuachane.” Nilizilipa. Kwa hiyo katika upande wa huduma sina la kulalamika, na mengi ya kulalamikia yaliyo hapa chini yanamhusu mtengenezaji, ambaye yuko mbali na ambaye sitamtaja.

Ndani ya sanduku mna vipande 46, ubao wa bati uliochorwa mistari miwili sambamba inayowakilisha utando wa seli, na kijitabu cha maelezo cha kurasa thelathini. Kipande kikubwa kuliko vyote ni kipokezi chenyewe cha seli T, ambacho kina minyororo miwili, alfa na beta. Minyororo hiyo ndiyo inayotambua, lakini mikia yake ya ndani ni mifupi mno, haiwezi kupeleka ujumbe wowote, na hapo ndipo mtengenezaji alipoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Alfa na beta peke yake havisimami ubaoni, huanguka. Ili visimame ni lazima vizungukwe na minyororo sita ya CD3, yaani gama, delta, epsiloni mbili na zeta mbili, na kila jozi ina mahali pake pamoja. Kinachovishikanisha ni sumaku tatu zilizofichwa katika sehemu inayopita ndani ya utando, na sumaku hizo hazikuwekwa ovyo. Katika protini halisi, sehemu hiyo ya alfa na beta ina asidi amino tatu zenye chaji chanya, na kila moja hukutana na jozi ya asidi amino zenye chaji hasi kutoka katika CD3. Delta na epsiloni hukamata sehemu moja ya alfa, zeta mbili hukamata nyingine, na gama na epsiloni ya pili hukamata beta. Ukijaribu kuweka zeta mahali pa gama, sumaku inakusukuma. Mwanafunzi akishasukumwa mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, hahitaji tena kukariri. Mpangilio huo ulijulikana kwa majaribio ya kubadilisha asidi amino moja moja, na mwaka 2019 picha za hadubini ya elektroni kwenye sampuli zilizogandishwa zikaonyesha kipokezi kizima kikiwa kimeunganishwa hivyo, kwa hiyo hapa plastiki haijamdanganya mtu.

Upande wa pili wa ubao kuna molekuli za MHC, zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli ili seli T ivikague, na ambazo kwa binadamu huitwa HLA. Umbo lake lilipochapishwa mwaka 1987 na Pamela Bjorkman, Don Wiley na wenzao huko Harvard, lilitatua fumbo lililokuwa limewasumbua watu kwa miaka: juu ya molekuli kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo mlikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekiweka kwa makusudi, mabaki ya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zilizokuwa zimebebwa na seli yenyewe. Seli T haioni kirusi kizima; huona kipande cha protini kikiwa kimelazwa katika mfereji. Sanduku linatoa MHC ya daraja la kwanza, yenye mfereji uliozibwa ncha zote mbili na unaomeza peptidi ya asidi amino nane hadi kumi, na ya daraja la pili, yenye mfereji ulio wazi kiasi kwamba peptidi ndefu zaidi hutokeza pande zote. Nilimwona mwanafunzi mmoja wa kutoka Likoni akijaribu kuishindilia peptidi ndefu katika mfereji wa kwanza hadi ikapinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Alicheka, akasema, “Mwalimu, hii imekataa katakata.” Kwa kweli ndivyo ilivyo: peptidi inayozidi urefu kidogo hujibinua katikati, na ikizidi sana haikai.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya nisijute fedha zangu. Kwenye mikia ya ndani ya CD3 kuna vitundu vya rangi ya njano vilivyo viwili viwili. Kila jozi ni ITAM moja, mfuatano wa asidi amino wenye tairosini mbili zilizotengana kwa umbali maalumu, na katika kila kitundu unaweza kuchomeka kijiti chekundu kinachowakilisha fosfeti. Kazi ya kuchomeka vijiti ni ya Lck, kimeng'enya kinachofika pale kikiwa kimeshikiliwa na mkia wa CD4 au CD8, protini wasaidizi wa kipokezi, kwa njia ya atomu moja ya zinki, na zinki hiyo imewekwa katika sanduku kama gololi ndogo ya kijivu. Kisha kuna ZAP-70. Kipande hiki kina vinywa viwili vinavyofanana, vinavyowakilisha sehemu za SH2, na ndani ya kila kinywa kuna shimo linaloingia kijiti cha fosfeti. Katika protini halisi shimo hilo lina arjinini yenye chaji chanya, ambayo huikamata fosfeti yenye chaji hasi. Umbali kati ya vinywa viwili umepimwa ukalingana na umbali kati ya vijiti viwili vya ITAM moja.

Mpe mwanafunzi ITAM yenye kijiti kimoja tu na umwambie aweke ZAP-70. Itashika upande mmoja, itaning'inia, kisha itadondoka. Mpe yenye viwili, itakaa kwa sauti ya “tak” inayosikika hadi dawati la nyuma. Swali langu la kila mwaka, kwa nini ZAP-70 haiwezi kutangulia Lck, lilijibiwa na mikono kabla ya mdomo: haina mahali pa kukaa hadi Lck iwe imepita. Na mwanafunzi mwingine akauliza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba kwa nini seli isitumie kinywa kimoja chenye nguvu badala ya viwili dhaifu. Jibu ni kwamba vinywa viwili vinavyohitaji fosfeti mbili zilizo karibu huifanya ZAP-70 isikae juu ya kila fosfeti inayoiona ndani ya seli, kwani protini zenye tairosini iliyobebeshwa fosfeti ni nyingi. Watu wanaozaliwa na hitilafu katika ZAP-70 hukosa seli T za CD8 katika damu, na zile za CD4 walizo nazo haziitikii ipasavyo, jambo ambalo wanafunzi wa maabara wana haki ya kulijua kwa sababu siku moja watahesabu seli hizo.

Hapohapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Kijitabu kinasema, kwa usahihi, kwamba kipokezi kimoja cha seli T kina ITAM kumi. Wanafunzi wakahesabu za plastiki, wakapata sita. Wakahesabu tena. Kosa liko kwenye zeta: katika uhalisia kila zeta ina ITAM tatu, ilhali mtengenezaji ameipa kila moja ITAM moja tu kama wenzake. Ni kosa la kiwandani linaloweza kuonekana dogo, lakini idadi hiyo si pambo. Katika panya wa maabara waliopunguziwa idadi ya ITAM zinazofanya kazi, uchujaji wa seli T changa ndani ya thaimasi, tezi ya kifuani zinakokomaa, ulilegea, na panya waliobakiwa na chini ya saba walipata maradhi ya kinga kuushambulia mwili wao wenyewe. Sanduku lenye sita, kwa hiyo, ni sanduku la panya mgonjwa. Tulirekebisha kwa rangi ya kucha: mwanafunzi mmoja alitoa kichupa mkobani mwake, tukachora vitundu vinane zaidi, vinne kwa kila zeta, ingawa hivyo vya kuchora havishiki kijiti.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Sumaku inayounganisha kipokezi cha seli T na MHC yenye peptidi ina nguvu mno. Ukiviweka pamoja unahitaji mikono miwili kuvitenganisha, na zipo peptidi tatu katika sanduku, moja ya kirusi na mbili za mwili wenyewe, ambazo zote hushika kwa nguvu ileile. Mwanafunzi anayejifunza kwa sanduku hili jinsi lilivyotoka dukani ataondoka akiamini kwamba seli T huitambua adui kwa kumshika barabara, kama ufunguo katika kitasa, na kwamba rafiki hutambuliwa kwa kutoingia kabisa. Hivyo sivyo. Mshiko wa kipokezi cha seli T ni dhaifu sana ukilinganishwa na wa kingamwili: kingamwili nzuri huweza kumshikilia antijeni wake, yaani kitu inachokilenga, kwa saa nyingi, ilhali kipokezi cha seli T huachia baada ya sekunde chache. Peptidi ya mwili wenyewe nayo huguswa, ila huachiwa mapema zaidi. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa asidi amino moja na muda wa kukaa ulioongezeka kidogo, na bado seli T huitambua peptidi ya kigeni hata zikiwa chini ya kumi kati ya maelfu ya nyingine.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi yalitolewa na Timothy McKeithan mwaka 1995. Kila hatua, kuanzia kijiti cha kwanza cha fosfeti, cha pili, ZAP-70 kukaa, ZAP-70 yenyewe kuamshwa, hadi LAT kubebeshwa fosfeti, huchukua muda, na kipokezi kikiachia kabla ya hatua ya mwisho, hatua zote zilizotangulia hufutwa na kazi huanza upya. Anayejua kivuko cha Likoni saa ya asubuhi ataelewa: kufika langoni si kuvuka, na anayetoka kwenye foleni dakika moja kabla ya lango kufunguliwa hurudi nyuma sawa na yule ambaye hakuja kabisa. Peptidi ya mwili hutoka kwenye foleni. Ya kirusi husubiri kidogo zaidi, na hicho kidogo ndicho chote.

Niliamua kuzidhoofisha sumaku mwenyewe. Nilikata plasta ya kidonda, ile ya kawaida ya duka la dawa, nikabandika tabaka moja juu ya peptidi ya kirusi, mawili juu ya ya pili, na matatu juu ya ya tatu. Kisha nikausimamisha ubao, kipokezi juu na MHC ikining'inia chini yake, na kumwagiza mwanafunzi mmoja agonge meza kwa vidole mfululizo kama anayepiga chapuo, huku mwenzake akichomeka vijiti kimoja kimoja na kuweka ZAP-70. Yenye tabaka tatu ilianguka kabla ya kijiti cha kwanza. Yenye mawili ilifikia kijiti cha pili, na ZAP-70 ikabaki mkononi. Yenye tabaka moja ilivumilia hadi LAT. Darasa zima lilikuwa limesimama. Huo ndio mchezo ambao mtengenezaji angepaswa kuuweka ndani ya sanduku tangu mwanzo, na ungemgharimu sumaku tatu za nguvu tofauti.

Tukiwa kwenye LAT, nikiri kwamba nilitaka kuilalamikia kisha nikabadili mawazo. Vipande vingine vyote vina umbo lililochongwa, lakini LAT ni uzi mlaini wa nailoni wenye shanga nne, na mwanzoni nilidhani mtengenezaji alichoka. La hasha: sehemu ya LAT iliyo ndani ya seli haina umbo la kudumu, ni mnyororo uliolegea, na shanga nne ni tairosini zinazowaalika wengine. Ile iliyo nafasi ya 132 katika mnyororo ndiyo inayoiita PLC-gama-1, kimeng'enya cha hatua inayofuata, na ZAP-70 huibebesha fosfeti polepole kuliko nyingine kwa sababu jirani anayeitangulia ni glisini badala ya asidi amino yenye chaji hasi. Watafiti walipoibadilisha glisini hiyo ili kazi iende haraka, seli T zilianza kuitikia peptidi dhaifu ambazo zilipaswa kupuuzwa. Uchelewaji umejengwa ndani ya protini. Kijitabu hakisemi neno juu ya hilo, na shanga zote nne zina rangi moja; nimeitia ile ya PLC-gama-1 wino mweusi.

Yanayofuata baada ya hapo, yaani PLC-gama-1 kukata lipidi ya utando, kalsiamu kumiminika, kimeng'enya cha kalsinyurini kuiondolea NFAT, protini inayowasha jeni, fosfeti nayo kuingia kwenye kiini, yameelezwa kwa kadi za karatasi tu, na sioni ubaya. Mgonjwa aliyepandikizwa figo anayetumia dawa ya saiklosporini amezuiwa hapohapo kwenye kalsinyurini, na kadi inatosha kulieleza hilo.

CD45 haimo kabisa katika sanduku, na hilo ni pengo. Hiki ni kimeng'enya kinachong'oa fosfeti, kinapatikana kwa wingi juu ya seli T, na sehemu yake ya nje ni ndefu. Simon Davis na Anton van der Merwe walipendekeza mwaka 1996 kwamba kipokezi kinapogusana na MHC, nafasi kati ya seli mbili hubanwa hadi kiasi cha nanomita 15, na CD45 kwa urefu wake husukumwa nje ya eneo hilo, hivyo vijiti vinavyochomekwa havina wa kuving'oa. Mkokoteni uliobeba mabomba marefu hauwezi kukata kona ya kichochoro cha Mji wa Kale. Utangoja barabarani, na ndani ya kichochoro watu wataendelea na shughuli zao. Nilitumia kijiko cha mbao kuwa CD45, nacho kilifaa.

Kuna jambo jingine ambalo mtengenezaji wa mbali hakulifikiria na ambalo kwa mtu wa pwani lina uzito. Sanduku lina kingamwili moja ambayo ncha zake zinabandukika, zilizokusudiwa kuonyesha jinsi mwili unavyobadilisha ncha ili kukamata antijeni tofauti. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza damu ya wakazi wa Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, waliripoti kingamwili za ajabu dhidi ya malaria: ndani ya ncha yake mlikuwa mmepachikwa kipande kizima cha protini nyingine, LAIR1, ambayo kwa kawaida ni kipokezi cha kuzituliza seli za kinga na jeni yake iko katika kromosomu ya 19, ilhali jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili iko katika ya 14. Kipande hicho hukamata RIFIN, protini ambazo vimelea vya malaria huzipanga juu ya chembe nyekundu za damu. Baadhi ya RIFIN hushika vipokezi vya kutuliza, zikizuia seli za kinga zisichukue hatua. Mwili ukachukua kipokezi kilekile kinacholengwa na mdudu na kukigeuza mtego, baada ya kukibadilisha ili kisishike tena kolajeni ambayo ndiyo mshirika wake wa kawaida. Niliifinyanga LAIR1 kwa udongo wa kuchezea, nikaibandika kwenye ncha ya kingamwili ya plastiki. Haikupendeza kwa macho, lakini ndicho kipande kilichoulizwa maswali mengi kuliko vyote 46.

Vipande vya PD-1, CD28 na CTLA-4, vipokezi vinavyoichochea au kuizuia seli T, vinatosha, na kwa CTLA-4 sumaku imefanywa kuwa na nguvu kuliko ya CD28 juu ya B7 ileile, protini ambayo vyote viwili huishika, jambo lililo sahihi na linaloonyesha kwamba mtengenezaji alijua kutofautisha nguvu alipotaka. Ndiyo maana uzembe wa zile peptidi tatu unaniudhi zaidi.

Mwisho ni hali ya hewa. Hazikupita wiki saba kabla sumaku mbili zilizochubuka hazijaanza kutoa kutu, kwa kuwa chumba chetu kiko upande wa bahari na madirisha hayafungwi. Mwenye kununua azipake rangi ya kucha isiyo na rangi siku ya kwanza, na ahifadhi vipande katika debe la plastiki lenye mfuniko. Kwa bei ya shilingi 16,000 ningelinunua tena. Kwa 18,500 ningesita hadi zeta zirekebishwe. Mwenye duka, nilipompelekea hesabu ya ITAM, alivaa miwani, akahesabu mwenyewe kidole kwa kidole, akaandika katika daftari lake kwamba ataagiza zeta mbili nyingine. Hazijafika bado.